Kaka amefilisika, saini yako bado inadaiwa

Msomaji aliyeko Marekani ameuliza: alimdhamini kaka yake mkopo wa nyumba, sasa kaka amefungua kesi ya kufilisika, na kuna aliyemhakikishia kwamba deni limekufa kwa wote wawili. Halijafa. Mahakama humsamehe aliyeomba tu. Saini yako kwenye hati ya kuahidi kulipa ina nguvu ile ile, hata kama kwenye hati ya umiliki jina lako halipo. Ndiyo, unaweza kudaiwa nyumba ambayo huna hata tofali moja.

Mwombe kaka namba ya kesi, bila kuoneana haya, kisha angalia ni ya sura gani ya sheria ya kufilisika ya Marekani. Kwa Sura ya 7, ambayo hufuta madeni bila mpango wa kuyalipa, msamaha wake hutoka kwa kawaida baada ya miezi minne hivi, na zuio la kudai linamkinga yeye peke yake. Wewe benki inaweza kukufuata kesho yake asubuhi. Kwa Sura ya 13 analipa kwa mpango wa miaka 3 hadi 5, na kesi ikiwa hai hata mdhamini hupata kinga. Ila kinga hiyo ina matundu. Mpango usipogusa deni ulilodhamini, benki inaweza kuomba kinga iondolewe, na usipoweka pingamizi la maandishi ndani ya siku 20 inaondoka yenyewe. Kwa hiyo fungua kila bahasha ya mahakama. Kesi ikitupwa au ikihamishiwa Sura ya 7, kinga nayo imekwisha.

Kinachowaumiza wadhamini wengi ni ukimya. Kesi ikishafunguliwa, benki inaweza kuacha kumtumia mkopaji taarifa za kila mwezi au kufunga akaunti yake ya mtandaoni, na wewe uliyekuwa ukimtegemea yeye unabaki gizani. Andika barua yako mwenyewe, weka namba ya mkopo, omba taarifa ije kwako na udai kujua malimbikizo ni kiasi gani. Malipo yakichelewa siku 30 huweza kuripotiwa, na doa hilo hukaa miaka 7 kwenye rekodi yako ya mikopo. Kwa kawaida, kwa nyumba anayoishi mkopaji, benki haianzi kuikamata mpaka zipite siku 120 za kutolipa. Huo ndio muda wako wa kupiga hesabu.

Tuseme deni ni dola 240,000 na mnada umeleta 205,000. Pengo ni 35,000, na gharama juu yake. Kaka keshasamehewa. Kama sheria ya jimbo inaruhusu pengo kudaiwa, litaletwa kwako, ndiyo maana wakili wa jimbo hilo hilo ana maana kuliko ushauri wa kikundi cha WhatsApp.

Ukiamua kulipa, ilipe benki moja kwa moja na utunze risiti. Na kama kaka alikurudishia fedha kimyakimya kabla ya kufungua kesi, jihadhari: malipo kwa ndugu ndani ya mwaka mmoja kabla ya kesi yanaweza kudaiwa na msimamizi wa kesi, nawe ukatakiwa kuyatapika.

Kutoka kabisa kunahitaji nyumba iuzwe na deni liishe, mkopo mpya kwa jina la mwingine, au barua ya benki inayokuachilia kwa jina lako. Ahadi ya kwenye simu haihesabiki.