Samaki wa Nyumbani Anapokaribia Kufa: Maswali na Majibu

Je, samaki husikia maumivu, au anapapatika tu? (Msomaji, Tabata)

Naamini husikia. Mwaka 2003, Lynne Sneddon na wenzake nchini Uingereza waliwadunga samaki aina ya trauti sumu ya nyuki au asidi ya siki midomoni. Samaki hao wakaacha kula kwa saa kadhaa, wakapumua kwa kasi, na waliodungwa asidi wakasugua midomo kwenye kokoto. Mofini, dawa ya kutuliza maumivu, ilipunguza dalili hizo. Wapo wataalamu wanaopinga kwa kuwa samaki hana gamba la ubongo (tabaka la nje la ubongo) kama la mamalia, lakini hata ndege hana gamba la namna hiyo, na sijaona mtu anayetilia shaka maumivu ya kuku aliyevunjika mguu.

Samaki wangu wa dhahabu amelala ubavu tangu jana. Nimuue? (Upanga)

Bado. Tazama maji kwanza, kwa sababu katika joto la Dar es Salaam maji hubeba oksijeni kidogo, na umeme ukikatika pampu ya hewa husimama. Badilisha robo ya maji kwa maji ya bomba yaliyokaa kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini ipungue. Ikiwa tumbo limevimba, magamba yamesimama na ameacha kula kwa siku kadhaa, matumaini ni madogo mno, na kumchelewesha ni kumtesa.

Jirani ananishauri nimtie kwenye friza au nimmwage chooni. (Mbagala)

Nakusihi usifanye lolote kati ya hayo: baridi ya friza humuua polepole, na chooni huingia akiwa hai, akafa kwa mateso katika uchafu. Kama unaweza kumpata daktari wa mifugo, mwombe yeye afanye. La sivyo, tumia mafuta halisi ya karafuu, ambayo kemikali iliyomo iitwayo eujenoli humtia samaki ganzi. Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji kwa urahisi, yatikise kwanza kwenye chupa yenye maji ya vuguvugu kidogo. Mweke samaki katika chombo chenye maji ya tangi lake, umimine mchanganyiko taratibu mpaka alale na asishtuke ukimgusa, kisha ongeza hadi matone kumi au zaidi kwa kila lita. Matamvua yakiacha kucheza, mwache humo nusu saa nyingine, maana anaweza kuzinduka akitolewa mapema.

Nikishindwa, nimwachie Mto Msimbazi? (Kigogo)

Hapana. Atakufa kwa shida, na ugonjwa wake unaweza kuwaingia samaki wengine. Akishakufa, mfukie mbali na paka, kwa sababu mafuta ya karafuu huwadhuru.