Mkurugenzi Anayetaka Triathloni Ndefu

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya kukamua mafuta ya alizeti hapa Dodoma, mwenye umri wa miaka 46. Nimeshakimbia marathoni, na sasa nataka triathloni ndefu, yaani kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180 na kukimbia kilomita 42.2, vyote kwa mfululizo. Kazi hunibana hadi usiku, hivyo naamka saa tisa usiku kufanya mazoezi. Je, nitafika? Na naweza kujifunzia kuogelea Bwawa la Hombolo?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na Hombolo, kwa kuwa jibu lake ni fupi: usiogelee huko. Maji ya bwawa yaliyotulia huweza kuwa na konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na ukisema uende Mtera, huko kuna mamba na viboko. Tafuta bwawa la hoteli lenye maji yaliyotiwa klorini, hata likiwa na urefu wa mita 20 tu na ukalazimika kulikata mara 190 ili kutimiza umbali wako. Baadaye panda treni ya SGR hadi Dar es Salaam ukazoee mawimbi ya bahari, ukiwa na mwogeleaji mzoefu pembeni. Kabla ya yote hayo, pima moyo, kwa sababu vifo vingi katika mashindano haya hutokea majini, na waathirika wengi ni wanaume wa umri wako.

Kinachonitia shaka zaidi ni hiyo saa tisa usiku. Wakurugenzi wengi huingia katika mchezo huu kama wanavyoingia katika mradi mpya: wanaongeza jukumu bila kupunguza jingine, na saa zinazokosekana wanazichota kwenye usingizi. Mwili hujijenga upya unapolala, kwa hiyo anayelala kwa saa nne tu na kuendesha baiskeli kwa saa tano anajichosha tu, hata kama daftari lake la mazoezi linapendeza. Kama huwezi kumwachia msaidizi wako kiwanda na simu kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi mchana, muda wa triathloni ndefu bado huna, na nadhani ni afadhali ulijue hilo kabla ya kulipa ada ya kushiriki.

Anza na nusu yake: kilomita 1.9, 90 na 21.1. Si aibu; umbali huo mrefu ulipatikana Hawaii mwaka 1978 kwa kuunganisha mashindano matatu yaliyokuwa yakifanyika kisiwani Oahu, wala haukupimwa na daktari yeyote.

Ukiwa kwenye baiskeli, lenga gramu 60 hivi za wanga kila saa. Gramu 50 za zabibu kavu za hapa kwetu hukupa karibu gramu 40, ila zijaribu mazoezini kwanza, maana tumbo la mtu anayetikiswa kwa saa sita halina adabu. Weka chumvi katika maji yako, na usinywe kupita kiu, kwani maji mengi mno hushusha kiwango cha sodiamu katika damu hadi kuwa hatari.

Chagua shindano la Machi au Aprili, ili miezi ya mazoezi mazito iangukie wakati alizeti ingali shambani na foleni ya malori ya wakulima haijafika getini kwako.