Embe changa halisikii harufu ya mwenziwe

Msimu uliopita tamaa ya bei ilinifanya nichume embe za ngowe mapema shambani, kijijini Hindi, nikazivusha hadi kisiwani Amu (Lamu) na kuzivumbika guniani kwa majani makavu ya mgomba. Siku ya sita nafungua: maganda yamekunjamana kama vidole vilivyokaa majini, ndani kweupe, kukali. Bibi hakunigombeza. Alisema tu, "Mvumbika changa hula mbovu, mwanangu."

Kinachoivisha embe si joto la gunia, ni gesi iitwayo ethilini, ambayo tunda hujitengenezea lenyewe. Mwaka 1901 Mrusi Dmitry Neljubow aligundua kuwa ndiyo iliyokuwa ikipinda miche yake ya njegere, ikivuja kutoka kwenye gesi ya taa. Kwamba matunda yanayoiva nayo huitoa, hilo lilithibitishwa 1934.

Seli za mmea zina vipokezi, yaani protini zinazoinasa gesi hiyo, vyenye chembe ya shaba. Hapa ndipo paliponishangaza: gesi isipokuwepo, vipokezi ndivyo vinavyofanya kazi, vimekanyaga breki ili tunda lisiive. Ethilini ikinasa kwenye shaba, mguu unatoka brekini. Wanga unageuka sukari, ganda linapoteza ukijani, na tunda linaanza kutoa gesi zaidi. Embe changa bado halijafikia hali ya kuiitikia gesi hiyo, hata ulifukize vipi.

Basi kabla ya kuchuma tazama mabega ya embe, pale juu kando ya kikonyo. Yakijaa hadi kikonyo kikaonekana kimezama, limekomaa. Kata moja la majaribio. Nyama iliyo karibu na kokwa iwe imeanza unjano. Ndani ya kikapu tia embe moja lililoiva, au ndizi mbivu, ufunike kwa kanga. Usifunge nailoni ikabana, yatatoa jasho na kuoza. Kila asubuhi fungua, toa lililopondeka, kwani lenye jeraha hutoa gesi kwa wingi na kuwaharakisha wenzake. Friji ni ya yaliyokwisha kuiva. Bichi likipigwa na baridi huharibika.

Kabaidi, ile kemikali ya kuivishia matunda, hapana. Hutoa gesi ya asitilini inayoiga ethilini, na mara nyingi huwa na mabaki ya sumu ya arseniki. Sili wala siuzi.

Ndimu na machungwa usihangaike kuyavumbika, yakishachumwa hayazidi utamu. Na mchicha uweke chumba kingine kabisa. Wangu niliulaza kando ya kikapu usiku mmoja tu, gesi hiyo ikauharibu, mbuzi wa jirani ndiye aliyefaidi.