Njoo na temosi na penseli: kwa wadogo zangu mnaoingia labo, Bukavu

Kila mwaka wa masomo ukianza, hakosi mwanafunzi wa kuniletea picha kwenye simu: nguruwe watano wanaofanana kama shilingi kwa ya pili. "Docta, sisi tutaanza lini kloni?" Ninamwambia tutaanza na temosi. Anacheka, anadhani ni utani.

Tuelewane mapema. Hapa Bukavu hatutengenezi kloni, yaani mnyama anayenakiliwa kutoka seli ya mwingine. Tunafanya hatua za mwanzo tu: kukusanya ovari, kutoa mayai, kuyaivisha, kukuza seli za ngozi ya sikio. Zilizobaki nilizifanyia staji ng'ambo, na kilichoniumbua huko hakikuwa ile sindano nyembamba ya kunyonya kiini. Niliumbuliwa na vitu vidogo ambavyo ningeweza kujifunza hapa hapa nyumbani.

Tuanze na temosi basi. Machinjioni unafika kabla jua halijatoka. Ovari unazitia kwenye maji ya chumvi yenye joto la mwili, unafunga, unaondoka. (Mchinjaji mmoja ameniuliza mara nyingi: "Docta, hii unaikulaka?") Yai la nguruwe limejaa mafuta, ndiyo maana chini ya hadubini linaonekana jeusi, na mafuta hayo hayavumilii baridi. Likishuka chini ya nyuzi 15 hivi limeharibika, na kwa macho hutaona kitu. Asubuhi moja mvua ilitushika njiani, motari akasimama chini ya kibaraza pale Nyawera tukangoja ipungue. Kifuniko cha temosi kilikuwa kimekaa upande. Nilikiona. Nikajiambia si kitu. Mayai unayaivisha saa 42 hadi 44, na hapa kwetu hiyo maana yake ni betri, na mtu wa kulala labo kuran ikikatika. Mara hiyo mtu huyo alikuwa mimi. Nilipoyatazama nikitafuta kile kijiseli kidogo cha pembeni kinachoonyesha kwamba yai limeiva, niliyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kazi yenyewe inaelezeka upesi. Unalitoa yai kiini chake, unaliingizia seli ya mnyama unayetaka kumnakili, unaziunganisha kwa umeme kidogo, yai linadhani limetungishwa, linaanza kugawanyika. Kisha unampasua nguruwe mbebaji na kuviweka viinitete ndani. Hapo nguruwe ana ukaidi wake. Mimba yake haishiki kwa kiinitete kimoja, anahitaji angalau vinne hivi vilivyo hai, na kwa kuwa vingi hufa, watu humwekea hata zaidi ya mia kwa mara moja. Halafu siku 114 za kungoja. Dolly, yule kondoo kloni aliyezaliwa Scotland Julai 1996, alipatikana peke yake kutoka mayai 277 yaliyounganishwa na seli. Nguruwe walichelewa hadi tarehe 5 Machi 2000, pale kampuni ya PPL Therapeutics ilipopata watano Virginia, Marekani. Ukifanya jaribio moja likashindwa, usinijie na uso wa msiba.

Sasa vizazi. Kloni akizaliwa unakata kipande cha sikio lake, unakuza seli, unatengeneza kloni wa kloni. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Meiji, Japani, kilitangaza nguruwe wa kizazi cha nne. Kwa panya, mtafiti Mjapani Teruhiko Wakayama alikwama kizazi cha sita mwaka 2000, na yule mmoja wa mwisho aliliwa na panya aliyepewa kumlea. Mwaka 2013 timu yake ikatangaza vizazi 25, panya zaidi ya 500 kutoka kwa mmoja. Mtaulizwa kwenye mtihani kama telomea, zile ncha za kromosomu, hupungua kila kizazi. Msikimbilie "ndiyo" kwa sababu ya Dolly, ambaye zake zilikutwa fupi. Kwa panya wa Wakayama hazikupungua.

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Kwa sababu seli kwenye sahani huchoka. Ukishabadilisha jeni moja, ukachagua, ukakuza, hazina nguvu ya kubadilishwa tena. Ukimzaa mnyama kutoka kwazo, sikio lake linakupa seli changa za kubadilisha jeni ya pili. Moyo aliowekewa mgonjwa David Bennett huko Maryland, Marekani, Januari 2022, ulitoka kwa nguruwe mwenye mabadiliko 10 ya jeni. Aliishi nao miezi miwili.

Kijana mmoja kutoka Walungu, homa ya nguruwe ilipoacha banda lao na dume mmoja tu, aliniuliza kama tunaweza kumnakili. Nilimwambia kwanza usimlete hapa, aliyepona anaweza bado kubeba virusi. Pili, labda alikuwa na bahati tu, na bahati haimo kwenye kiini. Hata angekuwa nao kumi wanaofanana, ugonjwa unaoweza kumuua mmoja unawaweza wote. Hakufurahi.

Narudi kwangu. Kwenye staji nilihifadhi seli kwenye azoti ya majimaji (nitrojeni yenye baridi kali), mirija kumi na minane, nimeandika "B, sikio" kwa kalamu ya wino. Baada ya wiki kadhaa mzee wa labo akatoa mmoja, akaufuta kwa alkoholi, maandishi yakaondoka na kitambaa. Akatoa mwingine ambao wino ulikuwa umebaki. "B yupi? Wa kwanza au mtoto wake?" Nikanyamaza. "Zimehamishwa sahani mara ngapi?" Nikanyamaza. Akaitupa yote kumi na minane, bila hasira, akaenda kunywa kahawa.

Kwa hiyo kwenye kila mrija: mnyama, kizazi, tarehe, seli zimehamishwa mara ngapi. Kwenye kaye (daftari): mayai yalitoka wapi, maana mitokondria, vile vijisehemu vya seli vinavyotoa nguvu, huja na yai, na ukitumia mayai ya machinjio kila kizazi kinapata za mama mwingine asiyejulikana. Mirija miwili ya mnyama wa kwanza kabisa haiguswi, hata profesa akiomba. Na mnaandika kwa penseli, alkoholi haiifuti. Tunaonana Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, machinjioni. Kifuniko cha temosi mkijaribu nyumbani: ijazeni maji ya moto, ilazeni kitandani, muone kama shuka litalowa.