Chile: gavana wanamchagua, lakini RC bado yupo

Mkuu, uliuliza mambo mawili: gavana wa Chile ni kama RC wetu Tanzania, yaani mkuu wa mkoa anayeteuliwa na rais, au ni kama gavana wa Kenya? Na je, Santiago nzima ina meya mmoja? Nimefanya kazi Santiago, baadaye nikahamia Concepción, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

La kwanza: wote wawili wapo, tena ndani ya mkoa mmoja. Hadi 2021 kila mkoa ulikuwa na intendente, mteule wa rais, RC kabisa. Mei 2021 ndipo wananchi walipochagua magavana kwa mara ya kwanza. Anayeongoza akifikisha asilimia 40 anapita moja kwa moja, kama alivyopita Rodrigo Mundaca kule Valparaíso. Mikoa mingi ilibidi irudie Juni, na safari hiyo waliojitokeza hawakufika hata asilimia 20. Pale kazini wengi hawakwenda. Mmoja aliniuliza, "Huyo gavana atanifanyia nini?"

Hakuwa anatania. Siku gavana alipoingia ofisini, kiti cha RC hakikuondolewa, kilipewa jina jipya: delegado presidencial. Huyu anateuliwa na rais, na ndiye mwenye usalama, vibali vya maandamano na usimamizi wa idara za wizara zilizoko mkoani. Gavana kabaki na mipango ya maendeleo na mfuko wa mkoa, na fedha hizo hatoi bila baraza la mkoa kupiga kura. Kodi hatozi. Wala usimfananishe sana na wa Kenya, maana kaunti ina bunge lake linalotunga sheria, mkoa wa Chile hautungi. Ile ni nchi yenye serikali kuu moja tu, haina majimbo kama Brazili au Argentina jirani yake.

Februari 2024 moto ulipoteketeza Viña del Mar na Quilpué, miji ya mkoa wa Valparaíso, na kuua watu zaidi ya 130, mkanganyiko huu ulionekana wazi. Gavana aliyechaguliwa na watu wa pale pale yupo, lakini kisheria maafa yakishatokea, kamati ya maafa ya mkoa inaongozwa na mteule wa rais. Binafsi naona walifanya ugatuzi wa nusu nusu: kura umempa, rungu umelishika mwenyewe.

Sasa Santiago. Huyo anayeitwa meya wa Santiago anatawala katikati ya mji tu. Jiji lote limekatwa katika manispaa zaidi ya 30, kila moja na meya wake na diwani zake. Panda barabara kuu kutoka katikati: inaitwa Alameda, ukipita Plaza Baquedano inakuwa Avenida Providencia, ukifika Tobalaba inakuwa Apoquindo. Hapo umeshapita manispaa tatu bila kukata kona, na ukiangalia vizuri utaona magari ya walinzi wa manispaa yamebadilika rangi, hata bustani za kando ya njia zimezidi kunyweshwa.

Manispaa ndiyo serikali utakayokutana nayo kila siku: takataka, zahanati, leseni ya duka, usajili wa kaya kwa ajili ya ruzuku. Zile tajiri kama Las Condes na Vitacura zinachangia mfuko wa pamoja unaogawiwa kwa zile maskini. Mfano mzuri ni ada ya gari, ambayo mwisho wake ni Machi 31. Kiasi ni kile kile popote, ila mwenye gari ndiye anachagua alipe manispaa gani. Basi Machi ikifika ni vurugu tupu: manispaa ndogo za vijijini zinatangaza, zinaweka meza kwenye maegesho ya maduka makubwa, zinakubembeleza ukalipe kwao. Asilimia 62.5 inakwenda mfuko wa pamoja, wao wanabaki na 37.5, na bado inawafaa.

Kwa hesabu ya ramani: mikoa 16, provincia (ngazi iliyo kati ya mkoa na manispaa) 56, manispaa 346. Mgawanyo wa mikoa ulianza miaka ya 1970 chini ya mtawala wa kijeshi Pinochet, ikiwa 13, na yote isipokuwa wa Santiago ilipewa namba za Kirumi kutoka kaskazini kwenda kusini. Miwili iliongezwa 2007, na wa mwisho ni Ñuble, uliomegwa kutoka Biobío 2018. Nikiwa Concepción, makao makuu ya Biobío, niliwasikia watu wa Chillán, mji mkuu wa Ñuble, wakijivunia hilo, maana walichoka kufuata kila kitu kwetu.

Provincia nyingi raia wa kawaida hazimgusi. Ya kipekee ni Rapa Nui, kisiwa kilichoko kilomita kama 3,700 baharini lakini kinahesabiwa chini ya Valparaíso. Ni provincia yenye manispaa moja tu, na tangu 2018 ina sheria yake ya ukaazi: mgeni haruhusiwi kuzidisha siku 30, hata kama ni Mchile mwenye kitambulisho chake mkononi.