Muulize Mwalimu: Miche yafa, nasi twaambiwa tubuni

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Sisi ni vijana kumi na wanne wa Mikindani, Mombasa. Tumepanda mikoko mara mbili kando ya hori ya Tudor, ule mkono wa bahari. Mwezi wa Mei tulitia miche 1,200. Oktoba tulihesabu 87. Na ile mikubwa, wapishi wa chang'aa huiingilia usiku kukata kuni. Sasa kuna shindano, fomu yake yataka "ubunifu unaojenga utamaduni wa kuhuisha". Mwenzetu mmoja asema tubuni programu ya simu yenye vihisi vya kupima tope. Wengine tumechoka tu. Tuandike nini?

Kijana wa Mikindani

JIBU

Marahaba, mwanangu. Poleni. Lakini mimi nimewashinda kwa kuua miche. Mwaka 1994 nilikuwa nafundisha kilimo, nikatoka na watoto wa darasa la saba, tukachomeka mbegu za mkoko, zile ndefu kama kalamu, juu kabisa, mahali ambapo maji hufika siku za bamvua tu, yakijaa sana. Nilipachagua pale ili watoto wasichafue viatu. Mvuvi mmoja akapita na mshipi wake begani, akatazama, akasema, "Mwalimu, huku ni kwa mchu." Nikamjibu kwa kiburi cha mtu mwenye chaki mfukoni. Haikupita miezi mitatu, zote zikawa vijiti vya kuwashia moto.

Mvuvi alisema kweli, mikoko si ya namna moja. Mlilana husimama mbele, uso kwa uso na bahari. Mkoko wenyewe wataka tope laini nyuma yake. Kisha muia na mkandaa, na huko juu kwenye chumvi kali ndiko mchu huvumilia, ingawa mchu ni mkaidi, waweza kuukuta hata mbele. Kwa hivyo shukeni horini maji yakipwa, pamoja na mvuvi mzee, na asichukue mtu mche hata mmoja. Tazameni kilichojiotea. Penye miche iliyojiotea hapahitaji jembe lenu, pahitaji kuachwa. Pasipo na kitu, ulizeni kwa nini. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hori ya Mwache, mizizi ya pumzi ikafukiwa, mikoko ikafa imesimama. Kwenu pengine ni maji machafu ya mitaa, pengine plastiki inayolala juu ya miche maji yakirudi. Hilo mtaliona kwa macho, vihisi vya nini?

Sasa hilo neno la fomu. Nalichukia kidogo, lina harufu ya hoteli na chai ya saa nne, lakini ndani yake mna jambo. Kuhifadhi ni kuuzuia mkono usiharibu. Kuhuisha ni mkono ule ule uendelee kutumia kitu, nacho kizidi. Nimewapeleka wanafunzi Bamburi mara nyingi kuwaonyesha hilo. Mawe ya kutengenezea saruji yalianza kuchimbwa pale 1954, likabaki shimo jeupe la mawe lisiloota hata nyasi. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda, alianza kujaribu miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizosimama ni tatu: mvinje, mnazi, na damas. Ishirini na tatu zilikufa, mwanangu, na leo pale ni msitu, watu hulipa kiingilio.

Lakini mvinje nao ulileta shida yake. Majani yake membamba yalianguka yakalala, hayaozi, udongo haupatikani. Aliyeifungua kazi ni jongoo. Haller aliona jongoo wakiyatafuna majani yale, wakaletwa kwa wingi, na kinyesi chao ndicho kilichoanza kuwa udongo. Mimi huwaambia wanafunzi: mwenye cheo kikubwa Bamburi alikuwa na miguu mia.

Mvinje huo huo mtaukuta Gazi, Kwale, na hapa ndipo penye jibu lenu. Vukeni feri, pandeni matatu. Watu wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko, na tangu 2013 wanauza hati za hewa ya ukaa, yaani hulipwa kwa hewa hiyo ambayo mikoko huifyonza, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Fedha huingia kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule. Wageni wengi huishia hapo, wakapiga picha kwenye daraja la mbao la kina mama, wakarudi. Nyinyi endeleeni kutazama. Wamepanda na mvinje nchi kavu, ili mtu akitaka mti wa kujengea au kuni, shoka liwe na pa kwenda. Kwangu mimi huo ndio ubunifu wenyewe. Mtu aliyeuliza "nani hukata, na kwa nini?" alibuni zaidi ya aliyetengeneza kamera ya kumnasa.

Mikindani hakuna shamba la mvinje, najua, nyumba zimegusana mabega. Basi anzieni kwenye jiko. Mpishi wa chang'aa ni mzozo wa watu wazima, muachieni mzee wa mtaa. Lakini nendeni alfajiri kwa mama wa mahamri, mumuulize kuni zake hutoka wapi. Kuni za mkandaa zina moto mkali unaokaa, hamtamlaumu. Kisha muulizeni vifuu vya nazi vingemfaa vikigeuzwa makaa, na bei gani angenunua. Vifuu vimejaa Kongowea. Akikubali, mmoja wenu ana biashara na mikoko imepungukiwa na shoka moja. Akikataa, mmejua kabla ya kununua mashine.

Andikeni hayo kwenye fomu: nani anakata, atapikia nini badala yake, nani atashuka horini kila bamvua kuhesabu, na atalipwa na nani. Mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hivyo pitieni ofisi ya KFS, shirika la misitu la Kenya, muulizie kuandikisha chama cha jamii cha msitu. Na KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wako hapo Mkomani. Wana watu waliopanda Gazi kabla hamjazaliwa. Shindano mkilikosa, mtabaki na mama wa mahamri.

SWALI

Mwalimu, nyumba ya marehemu babu iko Kibokoni. Lipu yaanguka kila mwaka. Fundi ataka kukwangua yote apige saruji, na boriti azitoe amwage zege. Nimkubalie?

Mjukuu, Mji wa Kale

JIBU

Usimkubalie bado, binti yangu. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa, na lipu ya chokaa huupisha. Saruji huufungia ndani. Chumvi ikisukuma, saruji itaanguka na uso wa jiwe pamoja. Tafuta fundi wa chokaa, wapo. Boriti, hizo nguzo za mikoko zilizobeba dari, zigonge moja moja, hasa ncha zilizo ukutani, ndiko mchwa huanzia. Badilisha zilizooza tu. Chumba cha babu ni chembamba kwa sababu mti wenyewe una urefu wake. Zege halitakupa nafasi zaidi, litakupa uzito. Na hapo ni eneo la hifadhi, kwa hivyo ofisi ya uhifadhi kwanza, nyundo baadaye.

Ukinunua boriti mpya, dai kibali cha KFS. Isije ikawa imetoka kwa kina kijana wa Mikindani hapo juu.