Dengue, homa imeshuka ila tumbo linauma

Pole sana dada. Umesema mdogo wako karudi toka Dar na dengue, jana homa ikashuka ila leo tumbo linamuuma na anatapika, unauliza kama ndo anapona. Hapana, mpeleke hospitali ya Sekou Toure au Bugando hapa Mwanza leo hii hii.

Iko hivi, kirusi cha dengue kinatoa protini inaitwa NS1, inachokoza seli zilizotandikwa ndani ya mishipa ya damu, kinga ya mwili nayo inamwaga kemikali za kuleta uvimbe, basi zile seli zinaachiana kama mbao za mtumbwi pale Mwaloni kalafati (pamba ya kuziba nafasi za mbao) ikilegea, maji ya damu yanavujia tumboni na kifuani, presha inashuka. Hii huwa ni siku ya 3 mpaka ya 7 ya ugonjwa, homa ikiwa inashuka, ndo maana watu wanadanganyika.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini asiguse kabisa, zinazidisha kutoka damu, panado tu kwa dozi yake. Na dripu asiwekewe duka la dawa, ikizidi maji yanajaa kifuani. Mwanangu alipougua nilimpa ORS kijiko kijiko huku naangalia mkojo. Fizi zikitoka damu, mikono ikiwa ya baridi au akihangaika kitandani, hiyo dharura, hata iwe saa nane usiku tafuta bajaji muende.